Ekari tisa za vichaka Mvumi: nianzie wapi?

SWALI: Bwana Misitu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Mvumi, wilayani Chamwino. Nina ekari tisa za vichaka nilizoziacha ziote zenyewe. Upande wa korongo miti inang'oka, ng'ombe wanaingia, na mwaka jana moto ulipita. Nimeshauriwa nipime miti ili nipate mpango wa usimamizi. Nianzie wapi?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kupima miti sawa, ila kwako isiwe kazi ya kwanza. Korongo, ng'ombe na moto, hakuna hata kimoja kinachoanzia ndani ya ekari zako.

Tembea kwanza. Mchukue mzee mmoja wa kitongoji na mchungaji mmoja (huyu usimwache, njia zote anazo kichwani), mlipande korongo hadi linapoanzia. Chora kwenye karatasi: maji yanakotoka, njia ya mifugo kwenda lamboni, matanuri ya mkaa, mashamba yanayochomwa kabla ya kulimwa, na jirani gani mwingine ana kichaka. Fanyeni hivyo kiangazi, kisha mrudi mvua za Desemba zikishika muone maji yanavyopita. Kondoa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973 ulihangaika na mmomonyoko wa namna hii. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika, na uoto ukarudi. Wewe huna uwezo wa kumhamisha ng'ombe wa mtu, ndiyo maana mchoro ule upeleke serikali ya kijiji. Njia ya mifugo hupangwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Ukiiziba kwa miiba kabla hamjakubaliana, utalala na uzio, utaamka na njia. Na hao majirani wenye vichaka, safisheni pamoja njia moja ya kuzuia moto kuzunguka maeneo yenu yote.

Sasa pima. Funga kamba ya mita 15 kwenye kigingi, zunguka nayo, na kila mti ulio ndani ya duara upime unene mita 1.3 kutoka chini. Idadi ya miti ya duara moja zidisha kwa 14, utapata makadirio ya hekta moja. Maduara matano yanakutosha, mawili yawe karibu na korongo. Visiki vinavyochipua vihesabu pia; kila kisiki bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine punguza.

Ukimaliza niandikie. Hesabu za kule korongoni ndizo ninazozitaka zaidi.