Mhandisi Anajibu: Kwani kazi ni kuchora soketi tu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Namaliza mwaka wa nne wa uhandisi umeme na nimepata kazi kwenye ofisi inayosanifu umeme wa majengo. Wenzangu wanaokwenda kwenye mitambo ya kuzalisha umeme wananiambia nitachora soketi na taa mpaka nisahau hesabu zote. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Soketi utazichora, tena nyingi, na miezi ya kwanza itakuchosha. Lakini hesabu hutaziacha.

Chukua jengo la kilowati 100, fezi 3, volti 400, pawafakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) 0.9. Utapata ampia 160 hivi, na hilo kila mwanafunzi analiweza. Kazi ipo kwenye hiyo 100: umeitoa wapi? Ukijumlisha kila kiyoyozi, kila pampu na kila soketi, namba itakuwa kubwa mno, kwa sababu vyote haviwashwi kwa pamoja. Ukipunguza kupita kiasi, breka kuu itajizima siku ya joto kali. Usipopunguza, mwenye jengo atanunua transfoma kubwa asiyoihitaji. Kwa hiyo mimi huwauliza watu: jikoni wanawasha saa ngapi, lifti zinajaa lini, pampu inajaza tangi usiku au mchana. Pampu usiidharau. Mota yake ikiwashwa moja kwa moja, bila kifaa cha kuianzisha taratibu, huweza kuvuta mara 6 au 7 ya ampia zake za kawaida, na taa zikififia utaulizwa wewe.

Nikusimulie kosa langu. Nilichagua nyaya za saketi 6 kwa kusoma jedwali la uwezo wa nyaya: ampia 32 kila moja, breka za 25. Nikaona niko salama. Saketi zote 6 nikazipitisha kwenye bomba moja la chuma. Siku ya majaribio, kila kitu kimewashwa, fundi mkuu aliniita juu ya ngazi. “Gusa hapa.” Bomba lilikuwa la moto kama pasi iliyozimwa sasa hivi, na hakuna breka hata moja iliyojizima. Jedwali nililosoma lilikuwa la waya uliolazwa peke yake. Saketi 6 zikibanwa pamoja hupashana joto, kwa hiyo unazidisha uwezo wa waya kwa 0.57: ile 32 inashuka hadi 18. Breka ya 25 haikuwa na habari kwamba waya unaungua polepole. Tulizivuta upya zote kabla dari halijafungwa, na yule mzee namshukuru mpaka leo.

Jambo jingine: muone msanifu majengo mapema umwombe chumba cha bodi ya umeme na njia ya nyaya kupanda ghorofani. Ukichelewa utapewa kona ya chini ya ngazi.

Wiki ya kwanza, omba ukabidhiwe jedwali la mizigo (orodha ya vifaa vya umeme na kiasi kila kimoja kinachovuta) la jengo moja, hata dogo, ulifuatilie mpaka siku ya kuwashwa. Ukikwama niandikie tena, na jedwali lenyewe uliambatishe.