Jibu: Mistari myeusi kwenye modeli za ndege, uhalisia au mapambo?
Ndugu, umeuliza kama kutia weusi kwenye kila kiungo cha bati (pale mabati ya ndege yanapokutana) ni uhalisia. Kwa maoni yangu, mara nyingi ni mapambo tu. Piga hesabu: mstari wa milimita 0.3 kwenye modeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) ni sawa na ufa wa zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege yenyewe! Mabawa ya P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo hayastahili kabisa mistari hiyo: kiwandani viungo vingi vilizibwa kwa puti, vikapigwa msasa, vikapakwa rangi. Corsair, ndege nyingine za kivita za Marekani, zilizopigana Pasifiki ni habari nyingine. Jua lilizipausha kweli kweli, hapo pausha utakavyo. Masizi ya ekzosi yafuate mkondo wa hewa, na rangi ibanduke pale mafundi walipokanyaga, karibu na shina la bawa, pale linapoungana na kiwiliwili. Ukipenda kuzidisha ili ipendeze kabatini, zidisha, ila usiniambie ndivyo ilivyokuwa.