Zhan zhuang inaniumiza magoti, nifanyeje?
Ndugu, umesema ukisimama zhan zhuang, ule mkao wa kusimama kama mti, kwa dakika 20 magoti yanauma na unasikia kizunguzungu, ukauliza kama ndiyo chi, ile nguvu ya uhai inayosemwa na Wachina, inafunguka. Hapana, ni mkao tu.

Nyayo ziwe upana wa mabega, vidole mbele. Kunja magoti kidogo sana, kisha angalia chini: goti lielekee kidole cha pili, lisiingie ndani wala kupita ncha za vidole. Wengi huharibu hapa. Wanashuka mno (filamu za kung fu hizo!), nyonga zinabana, mzigo wote unaliangukia goti. Legeza nyonga kana kwamba unataka kukalia stuli ndefu. Mikono usawa wa kifua, viwiko chini ya viganja.

Kizunguzungu mara nyingi hutokana na kubana pumzi, au kusimama tuli magoti yamekazwa, damu ikabaki miguuni. Pumua kwa pua, taratibu. Kikija usivumilie, kaa chini.

Rudi kwenye dakika 5, ongeza 1 kila wiki. Mapaja kutetemeka ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti si kawaida, hapo acha umwone daktari. Kama unatumia dawa za presha, muulize kabla ya kuendelea.