Nambari kabla ya rangi

Swali: Mhariri, hapa Malindi nauziwa pikipiki aina ya Triumph Bonneville ya mwaka 1970 iliyokarabatiwa, na muuzaji ashikilia kuwa ni ya asili. Nitahakikishaje?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na nambari za injini na fremu, kwa kuwa kiwanda kiligonga nambari ileile pande zote mbili, na zikitofautiana, basi hazikutoka kiwandani pamoja. Kwenye injini, nambari hugongwa juu ya nembo ndogondogo za Triumph. Sehemu hiyo ikiwa laini, yaelekea imesuguliwa na kugongwa upya, na hapo nakusihi usilipe chochote. Rangi mpya, ambayo kwa chumvi ya pwani yetu haikwepeki, hainitii shaka. Kabureta zake mbili za asili za kampuni ya Amal, yaani vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, zikikosekana, omba upunguziwe bei.