Ukifuata Mzigo Guangzhou, Vuka Uione Macau, Lakini Usivuke na Mtaji

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Gikomba na Kikuubo wanaofuata mzigo Guangzhou wanazijua zile siku za katikati. Umeshalipia, kiwanda bado kinafunga maboksi, wakala anakwambia kontena halijajaa. Wengi huzimalizia hotelini pale mtaa wa Xiaobei wakiangalia simu. Mimi nashauri uzitumie kwenda Macau. Ni karibu, nauli haiumizi, na ni mji ambao mtu wa pwani yetu ana mengi ya kuutazama kuliko anavyodhani. Ila kuna mambo mawili ya kuwa nayo makini kweli kweli, viza na kasino, na nitayasema bila kuzunguka kwa sababu nimeona watu wakiumia.

Nianze na viza. Macau ilitawaliwa na Wareno tangu walipoweka makazi pale mwaka 1557 hadi ilipokabidhiwa China tarehe 20 Desemba 1999. Leo ni sehemu ya China, lakini ina uhamiaji wake, sarafu yake na sheria zake. Ukivuka mpaka kuingia Macau, umehesabiwa umetoka China. Sasa kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, imekwisha hapohapo, na mzigo wako umebaki upande wa pili. Kwa hiyo safari hii inapangwa tangu nyumbani: ukiwa ubalozini omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi. Kama huna, baki Guangzhou, usishawishiwe na mtu. Na masharti ya kuingia Macau kwenyewe yanategemea pasi ya nchi yako, kwa hiyo usijifananishe na mwenzako wa nchi jirani. Soma tovuti ya uhamiaji wa Macau kabla hujakata tiketi. Pale mpakani hawagongi muhuri kwenye pasi, wanakupa kikaratasi kinachoonyesha mwisho wa siku zako. Kikunje ndani ya pasi na usikitupe.

Njia ni rahisi. Treni inaondoka stesheni ya Guangzhou Kusini na kukushusha Zhuhai, mji wa China uliopakana na Macau, baada ya saa moja na kidogo. Ukitoka stesheni unatembea kwa miguu hadi mpaka wa Gongbei, unapita forodha mbili, na umefika. Anayetokea Hong Kong ana boti ya mwendo wa saa moja, au basi la daraja kubwa la kilomita 55 lililofunguliwa Oktoba 2018.

Ukivuka tu unaona mabadiliko. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Vibao vya barabarani vimeandikwa Kichina na Kireno. WhatsApp inafunguka kwa intaneti ya hoteli bila ujanja wowote, na wale mliokwisha hangaika na simu mkiwa Guangzhou mnajua raha yake. Basi la mjini ni pataca 6, ndiyo sarafu ya Macau, popote uendapo, na dereva harudishi chenji, kwa hiyo tafuta sarafu mapema. Dola ya Hong Kong inapokelewa karibu kila duka, lakini wanaihesabu sawa kwa sawa na pataca, wakati dola 100 za Hong Kong ni pataca 103. Kwa matumizi madogo haijalishi. Kwa hoteli na chakula cha siku nzima, badilisha.

Hoteli chukua katikati ya wiki. Ijumaa na Jumamosi bei zinapaa, na wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina au wiki ya kwanza ya Oktoba usijaribu kabisa: mji una kilomita za mraba 33 hivi tu, na umati unaomiminika kutoka China bara hauachi pa kukanyaga. Kuanzia Julai hadi Septemba ni majira ya vimbunga. Mwaka 2018 kimbunga Mangkhut kilifanya kasino zote zifungwe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba hewa ni kavu na ya kutembea.

Tembea basi. Anzia uwanja wa Senado, uliotandazwa mawe madogo meusi na meupe yaliyopangwa kwa mawimbi. Pembeni ni Santa Casa da Misericórdia, taasisi ya sadaka iliyoanzishwa mwaka 1569, na mbele kidogo kanisa la São Domingos lenye rangi ya manjano. Fuata watu kwenye kichochoro cha kupanda. Wauza biskuti za lozi watakusimamisha uonje bure, onja. Wale wanaokata vipande vya nyama kavu kwa mkasi, uliza kwanza: vingi ni vya nguruwe.

Juu ya ngazi ndipo palipo kanisa la São Paulo. Ni ukuta wa mbele tu uliobaki. Kanisa lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1835. Watu hupiga picha wakiwa chini kisha wakageuka na kuondoka. Usifanye hivyo. Panda hadi karibu ya jiwe lenyewe na uinue macho. Waliochonga walikuwemo Wakristo wa Kijapani waliokimbia mateso kwao, wakiongozwa na Wajesuti, watawa wa Kikatoliki. Utaona jahazi la Kireno limekunjua matanga, utaona simba wa Kichina, na mwanamke amemkanyaga joka mwenye vichwa saba, huku pembeni maandishi ya Kichina yakieleza kuwa Mama Mtakatifu anaponda kichwa cha joka. Mabara yamekutana kwenye ukuta mmoja, na mafundi hawakuona haja ya kuchagua.

Sasa, kando yake kuna kilima chenye ngome, Fortaleza do Monte. Hapa ndipo ninapomsihi kila Mwafrika afike. Waliowahi kuingia Fort Jesus ya Mombasa watazitambua zile kuta na mizinga mara moja, kwa sababu ni utawala uleule: Mombasa na Macau zote zilikuwa zikiongozwa kutoka Goa kule India. Tarehe 24 Juni 1622 Waholanzi walishuka pwani na askari mamia kuuteka mji. Macau ilikuwa na wanajeshi wachache mno. Waliosimama kidete ni watumwa wa Kiafrika, waliotolewa kwao na kuvushwa bahari bila hiari yao. Taarifa za wakati ule zinamtaja hata mwanamke mmoja Mwafrika aliyepigana kwa silaha mkononi. Jan Pieterszoon Coen, gavana wa Waholanzi kule Batavia, Jakarta ya leo, aliandika mwenyewe kuwa watu wake walishindwa na watumwa wale, na baadhi yao waliachwa huru baada ya vita. Hatuna majina yao. Wala hakuna anayeweza kusema nani alitoka Msumbiji na nani kwingine. Lakini ukisimama pale juu kwenye mizinga ukatazama paa za mji, ujue kwamba mji huu ulibaki wa Wareno kwa damu ya watu wetu, na kwamba mtalii wa kawaida hashuki na habari hiyo. Wafundisheni watoto.

Kiungo kingine kipo kanisa la Seminari ya São José, dakika chache kutoka Senado. Ndani kumehifadhiwa mfupa wa mkono wa Francis Xavier, yule mmisionari aliyetua Malindi mwaka 1542 akielekea India, akafia miaka kumi baadaye kwenye kisiwa kisicho mbali na Macau. Kikanisa cha Wareno cha Malindi bado kipo hadi leo. Mwanafunzi wa historia aliyeviona vyote viwili ana jambo la kusimulia.

Kwenye chakula, tafuta kuku wanaomwita galinha à africana. Ni kuku wa kuchoma aliyefunikwa mchuzi mzito mwekundu wa pilipili, nazi na karanga, na kila mkahawa una namna yake. Wangu ulikuja kwenye sahani ya udongo, mafuta yanachemka pembeni, na nilipouonja ule mchuzi nikakumbuka kuku wa kupaka wa nyumbani. Kwa sisi tusiokula nguruwe, muulize mpishi kilichomo kabla hujaagiza chochote, maana mkate wa chapu za nguruwe ni fahari ya mji. Msikiti upo, karibu na lile bwawa la maji, si mbali na bandari ya boti. Ijumaa utakutana na Waindonesia wengi wanaofanya kazi mjini, na hao ndio wa kuwauliza chakula halali kinapatikana wapi. Kisha panda basi 26A hadi kijiji cha Coloane kwenye duka la mikate la Lord Stow's, ule pastel de nata, kitobosha cha mayai, kikiwa cha moto. Hapo hakuna kelele, bahari iko mbele yako na ng'ambo ni China.

Nimeiweka kasino mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo iliyoupa mji jina. Stanley Ho alizishika peke yake tangu mwaka 1962 hadi serikali ilipofungua milango mwaka 2002. Kufikia 2006 Macau ilikuwa imeipita Las Vegas kwa mapato ya kamari. Majumba ya Cotai, ardhi iliyojazwa baharini, unaweza kuyatembelea bure: ndani ya Venetian kuna mifereji na mbingu iliyochorwa darini, na mabasi ya hoteli hukuchukua mpakani bila malipo. Panda, tembea, pumzika kwenye baridi yao.

Kwenye meza, mchezo mkubwa ni baccarat, wa karata. Watu wamesimama safu tatu, hawaongei. Mwenye dau kubwa anaikunja karata taratibu kutoka pembeni, anaipuliza, na juu ya kichwa cha mgawa karata kuna kioo kinachoonyesha matokeo yaliyopita, wanakikodolea macho kama kitawaambia yajayo. Hakiwaambii. Kila mkono, yaani kila mgawo wa karata, ni mpya. Kasino hubaki na kama 1 kwa kila 100 unayoweka upande wowote wa kawaida, wa mchezaji au wa benki, na zaidi ya 14 ukiweka kwenye sare. Hiyo 1 inaonekana ndogo. Lakini weka dola 300 za Hong Kong, mikono 60 kwa saa: umezungusha 18,000, na kwa wastani unaacha kama 200 kila saa, mchana na usiku. Anayeondoka na faida yupo, lakini si yule anayekaa.

Toka nje ya kasino ya Lisboa ya zamani utazame maduka ya rehani. Dirishani kuna saa za dhahabu, mikufu, pete za ndoa, kila kimoja na kibandiko chake cha bei. Nilisimama pale muda mrefu. Namfahamu ndugu mmoja aliyekuwa amebeba fedha za wenzake wanne za kununulia mzigo, na kilichofuata familia nne bado zinakilipa.

Kwa hiyo kabla hujaondoka Guangzhou lipa kiwanda, lipa wakala, na kadi ya benki ya biashara umwachie mtu unayemwamini. Vuka na hela ya hoteli, chakula na nauli. Wakati wa kurudi, malizia pataca zako kwa biskuti kwa sababu ng'ambo hazina soko, na usisubiri jioni: maelfu wanaofanya kazi Macau na kuishi Zhuhai hurudi saa hizo, na foleni ya Gongbei inajaa ukumbi mzima. Saa nane mchana unapita bila shida.