Paka mkubwa wa shelta, atazoea nyumba kweli?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Rongai, mimi na mzee na mtoto wetu wa miaka saba, na panya wametuzidi. Juzi tulienda KSPCA, ile shelta ya wanyama waliookolewa pale Karen, kutafuta paka mdogo lakini mtoto akang'ang'ania jike mmoja mkubwa, wanasema ana kama miaka mitano, aliokotwa mtaani. Mama mkwe anasema paka mkubwa hazoei, atarudi alikotoka, na eti nikishika mimba ataniletea shida. Nifanyeje?
Mama Rongai

JIBU: Marahaba mama. Mchukue huyo jike, na nasema hivi kwa moyo wangu wote manake hawa wakubwa ndio hubaki pale miezi na miezi watu wakipita kwenda kwa wadogo. Paka mdogo hujui atakuwa na tabia gani, huyu tabia yake iko wazi saa hii, waulize wanaomlisha kila siku kama anapenda kushikwa, kama anaogopa watoto, kama ashafungwa uzazi na kuchanjwa kichaa cha mbwa. Paka akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka kumi na tano na hata kupita, kwa hivyo wa miaka mitano bado ni kijana.

Kuzoea atazoea, ila usimfungulie nyumba nzima siku ya kwanza. Mpe chumba kimoja, milango na madirisha yafungwe, umwekee maji, chakula, boksi la kujificha na karai la mchanga wa choo, na hilo karai likae mbali na chakula. Ataingia chini ya kitanda na huenda akakaa huko siku mbili tatu, mwache, msimvute, mtoto akae tu sakafuni aongee polepole mpaka paka aje mwenyewe. Wengi huanza kutulia baada ya wiki tatu hivi na kujiona wa pale kabisa baada ya miezi mitatu. Nje asitoke mwezi wa kwanza, hapo ndipo wengi hupotea na watu wanasema amerudi kwao. Lakini akimaliza siku nzima hajagusa chakula chochote piga simu kwa veti, usingoje, manake paka akikaa njaa siku chache ini linaweza kuharibika.

Chakula sasa. Ugali na maziwa havimtoshi, maziwa yenyewe huwaharisha wengi, na paka bila nyama ama samaki hukosa kirutubisho kinachoitwa taurini, moyo unadhoofika na macho yanaweza kupofuka. Omena changanya, sawa, ila chakula cha paka cha dukani kiwe ndio msingi. Na tafadhali sumu ya panya itoke nyumbani kabla hajaingia, akila panya aliyekula sumu unaweza kumpoteza.

Kuhusu mimba, mama mkwe hajakosea kabisa, kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma ambacho hutoka kwenye mavi ya paka, lakini kinachukua siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kuambukiza mtu. Karai likisafishwa kila siku hatari inapungua sana, na ukiwa mjamzito hiyo kazi mpe mzee. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa pia zinakileta, hizo nazo uziangalie.

SWALI: Daktari, nimechukua dume la miaka minane kutoka shelta, ana viroboto. Naweza kumpaka dawa ya mbwa wangu?
Msomaji, Nyali

JIBU: Hapana, usithubutu! Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina pemetrini, sumu ya kuua wadudu, ikimpata paka anatetemeka, anapata degedege na anaweza kufa. Nunua iliyoandikwa ni ya paka, mpime uzito kwanza ujue kipimo, na mbwa naye akipakwa ya kwake watenge mpaka ikauke. Na Panadol pia asipewe hata kipande, hiyo huua paka.