Kabla Hujajaza Jedwali la Uendelevu wa Barabara

Juzi mhandisi kijana wa Kakamega aliniandikia akiomba jedwali la alama za uendelevu, yaani karatasi ya kuupa mradi alama kwa jinsi utakavyodumu bila kuharibu mazingira, ili alijaze kwa ajili ya barabara moja ya kaunti kabla ya wiki kwisha. Sikumtumia. Namjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnatamani, kama ninavyotamani mimi, kupanga barabara itakayotumiwa na wajukuu, na jedwali hilo litawafikia nanyi.

Tatizo kubwa ni kwamba sisi tunaotathmini miradi kwa upande wa mazingira tunaitwa kwa kuchelewa. Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka mradi utathminiwe na kupewa leseni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya ujenzi, lakini kwa mazoea mtaalamu huletwa wakati njia imekwisha kuchorwa na bajeti imekwisha kutajwa hadharani, hivyo anabaki kuhesabu miti itakayopandwa na maji yatakayomwagwa kutuliza vumbi.

Miaka kadhaa iliyopita niliongoza timu ndogo iliyotathmini barabara ya kuingia kwenye mashamba ya mpunga katika uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Udongo wa huko ni ule mweusi unaovimba mvua inyeshapo na kupasuka wakati wa kiangazi, na mto Nyando una desturi ya kuacha mkondo wake. Katika baraza la chifu, wazee walitupeleka kuona alama za mafuriko kwenye kuta za nyumba, nazo zilikuwa juu kuliko tuta la kuinulia barabara lililokuwa kwenye michoro. Tuta la namna hiyo huyazuia maji na kuyasukuma kwa majirani, kisha maji hayohayo hulikata. Nilipendekeza kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, iwe kubwa zaidi na kipande kimoja cha barabara kisogezwe. Mwenye mradi, ambaye sitamtaja, aliiondoa sura hiyo katika ripoti yetu kwa sababu ya gharama, akaacha sura ya miti, na jumla ya alama ikapendeza. Masika yalipokuja, barabara ilikatika palepale tulipopaonyesha. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na sioni haya kusema kwamba tulikuwa sahihi.

Jumla ndiyo iliyotuponza, maana miche ya barabarani iliruhusiwa kufidia mtaro mbovu. Mifumo ya kutoa alama kama CEEQUAL ya Uingereza na Greenroads ya Marekani inakumbusha maswali mazuri, lakini waliopanga uzito wa kila swali hawakuwa wakiwaza bodaboda, wala mashimo ya changarawe yanayoachwa wazi yakajaa maji karibu na shule. Usikubali jumla peke yake. Onyesha kila alama mahali pake.

Hesabu za uchumi nazo hupendelea kilicho rahisi leo. Ukitumia punguzo la asilimia 12 kwa mwaka, yaani kuihesabu shilingi ya miaka ijayo kuwa ndogo kuliko ya leo, ukarabati wa shilingi 100 katika mwaka wa 20 unahesabiwa kama shilingi 10 hivi, kwa hiyo kalavati nyembamba hushinda kwenye karatasi. Tena hesabu hiyo huegemea kumbukumbu za mvua za zamani, ilhali mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivuka kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa miaka ya 1960. Weka hesabu ya pili yenye punguzo dogo na mvua kubwa kando ya ile ya kwanza, hata kama hukuombwa.

Wapendwa, dai kiti mezani kabla mstari haujachorwa, na nenda uwandani wakati wa mvua, si kiangazi. Nasema tena: dai kiti mapema. Kisha uliza nani atazibua kalavati. Tozo ya matengenezo ya barabara nchini Kenya ilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta, lakini fedha hizo hazizibui mtaro ambao hauna mwenyewe. Andika katika ripoti ofisi itakayowajibika na fungu la bajeti litakalotumika. Visipopatikana, upe mradi sifuri kwenye kipengele hicho na utie sahihi yako.